Maabara ya Kuazima

Nilitoka Kitale na ndoo mbili za rangi iliyobaki, mfuko wa brashi, na godoro jembamba lililofungwa kwa kamba ya katani. Kazi yangu ni kupaka na kuchora kuta za shule: ramani ya Kenya, herufi, moyo wa binadamu uliokatwa katikati, kaulimbiu juu ya mlango wa mwalimu mkuu. Kule Kitale kazi ilikuwa imekwisha na mwenye nyumba alikuwa ameanza kukiulizia chumba chake kwa adabu inayochosha. Nikasikia kwamba upande wa ziwa shule za msingi zinaongezewa madarasa, kwa kuwa serikali ilikuwa imeamua watoto wa gredi ya saba hadi ya tisa wasomee papo hapo, na kila darasa jipya lilitaka ukuta uliopakwa. Nikajiambia, basi narudi kwetu.

Kwetu ni neno ambalo nimelitumia ovyo maisha yangu yote. Mama yangu alizaliwa Rangwe. Mimi nilisoma sekondari karibu na hapo hadi kidato cha nne, kisha nikaondoka, na tangu hapo sijawahi kukaa mahali nikaona mti nilioupanda ukizaa.

Lori la mahindi lilinifikisha Kisumu. Kutoka hapo nikapata pikipiki ya mizigo, halafu gari la mkate, halafu nikatembea, halafu jamaa mmoja aliyepakia mikokoteni ya kuuza kwenye pikapu akaniketisha juu yake hadi Rangwe. Nilishuka sokoni na godoro kichwani. Soko lilikuwa limevimba, maduka yamefika hadi pale tulipokuwa tukinunua miwa. Nilienda hadi kwenye ua wa shule yangu ya zamani nikasimama nje kama mwizi. Dirisha la maabara lilikuwa palepale. Ndani ya chumba kile, nikiwa kidato cha pili, mwalimu alitubandulia ngozi laini ya kitunguu, akaiweka chini ya hadubini, tukapanga foleni. Zamu yangu ilipofika nikaona vyumba vidogo vidogo vimepangwa kama matofali, kila kimoja na nukta yake. Nilikuwa nimekula vitunguu maisha yangu yote na hakuna aliyeniambia kwamba ndani kumejengwa hivyo. Sikuwa mwanafunzi hodari na sayansi haikunipeleka popote. Lakini kila mara maisha yaliponikalia vibaya, nilikuwa nakumbuka ule ukuta wa kitunguu.

Kutoka mji wa Homa Bay nilipanda lori la omena, wale dagaa wa ziwa, lililokuwa linarudi Sori tupu. Nilikaa juu ya magunia matupu, tukapita Rodi, tukapita Ndhiwa, vumbi jekundu likatufuata hadi tukaliona ziwa upande wa Migori. Harufu ya omena iliingia kwenye godoro na haikutoka tena.

Sori nilimwendea kwanza mwenye duka la rangi na simenti, mzee Mwislamu kutoka pwani ambaye watoto wake wote walikuwa wamezaliwa huku na walizungumza Dholuo kunishinda mimi. Mafundi hukutana kwake. Nilipomsalimu alicheka.

"Kiswahili chako wewe umekiokota njiani, kipande Kitale, kipande Kisumu."

"Na wewe samaki unakula wa ziwa, na bado unajiita mtu wa bahari."

Tukaelewana. Aliniambia kwamba shule iliyo juu kilimani inatafuta mchoraji, na kwamba mama mmoja mjane, muuza omena, ana chumba cha kupangisha njiani kuelekea huko.

Mama huyo alikuwa na watoto wawili: mvulana wa gredi ya nne na msichana wa gredi ya tisa. Asubuhi wote watatu walitandaza omena kwenye nyavu kuukuu, msichana akiwa tayari amevaa sare, sketi ameikunja kiunoni isiguse samaki. Kisha alinawa mikono kwa majani ya limau na kukimbia shuleni. Mama alimtazama hadi alipopotea kwenye kona.

"Huyu anataka sayansi," aliniambia siku ya kwanza. "Ati daktari wa macho. Bibi yake alipofuka, huyu ndiye aliyekuwa anamwongoza kwa fimbo. Tangu wakati huo ni macho, macho."

Ili msichana yule aingie mkondo wa sayansi katika sekondari pevu, kama wanavyoita shule ya kuanzia gredi ya kumi, ilimbidi afanye vizuri kwenye somo la sayansi mwisho wa mwaka ule. Na shuleni kwake mwalimu wa sayansi hakuwepo. Alikuwepo mmoja wa muda, aliyeletwa kujifunza kazi, kijana mchangamfu, mkataba wake ukaisha na akaenda. Aliyebaki kufundisha sayansi alikuwa mwalimu wa dini, ambaye alikuwa akisoma ukurasa kwa sauti na kusema, "Hapa mngefanya jaribio."

Chumba cha maabara kilikuwepo. Serikali ilikuwa imesema sayansi ndiyo kipaumbele, na wazazi walikuwa wamejitolea mawe, mchanga na siku zao. Ndani kulikuwa na meza ndefu ya saruji, sinki lisilo na mfereji, na popo. Mwalimu mkuu, mwanamume mrefu aliyekuwa akitembea ameinamisha kichwa hata mahali pasipo na mlango, alinipa kazi ya kuujaza ukuta.

"Chora kila kitu ambacho hatuna," alisema, na nilidhani anatania.

Nikachora. Nilipiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, nikachora chupa za kuchanganyia dawa, taa ya gesi, mizani. Katikati nikachora hadubini kubwa kama mtoto wa miaka mitatu. Wakati wa mapumziko msichana yule alikuwa akija kusimama mlangoni. Alitaka kujua kila sehemu inafanya nini, na mimi nilijua chache tu. Siku moja nikamsimulia kuhusu kitunguu.

"Kwa hiyo uliona kabisa? Kwa jicho lako?"

"Kwa jicho langu hili."

Alilitazama jicho langu kwa muda, kama mtu anayetazama mlango wa nyumba aliyowahi kuisikia.

Kisha habari ikafika. Maafisa walikuwa wanatoka Nairobi kuzunguka shule za Migori na Homa Bay, kuona zipi hazina mwalimu wa sayansi wala vifaa. Zilizokuwa na shida kuliko nyingine zingepelekewa kwanza, muhula uleule. Mwalimu mkuu aliitisha mkutano wa wazazi chini ya paa la jikoni la shule, akaisoma habari hiyo mara mbili. Watu walipiga makofi. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Kisha nikaona nyuso zikibadilika, moja baada ya nyingine.

Muuza omena ndiye aliyesimama. "Sasa mwalimu, hao watu wakija watakuta nini? Popo?"

Watu walicheka, lakini si sana.

"Watakuta hali ilivyo," mwalimu mkuu alisema.

"Hali ilivyo! Wewe binti yako akiletewa wakwe, unawapokea na hali ilivyo? Unawakalisha juu ya debe?"

Hapo hoja ikawa imepita. Mtu asiyejua maisha ya kule anaweza kuona ni upumbavu, lakini mimi nililelewa na mama wa Rangwe, nilijua. Wakwe wanapokuja, boma haliwi la mtu mmoja. Makochi yanatoka kwa jirani, chupa za chai kwa mwingine, vitambaa vya kufumwa vinavyotandazwa juu ya viti vinakusanywa kijiji kizima, na jogoo anatoka kwa mtu ambaye hata hamkusalimiana mwaka huo. Hakuna anayesema uongo. Wanaofika wanaonyeshwa kwamba mtoto huyu ana watu. Waluo wana neno, nyadhi, yale madaha ya kujibeba vizuri mbele za watu, na hata aliye maskini kabisa hulitunza kama nguo ya kanisani. Tena mgeni haambiwi shida kabla hajala. Anakula, ananawa mikono, anaegemea, na ndipo mwenye nyumba anakohoa kidogo na kusema, kuna jambo dogo.

Hivyo ndivyo walivyopanga. Maafisa wangeona shule yenye heshima, wangekula, kisha mwalimu mkuu angekohoa.

Kuazima kulianza siku ileile. Chupa za maabara na taa za gesi zilitoka sekondari moja upande wa Ndhiwa, ambako kaka wa mzazi mmoja alikuwa mlinzi na aliomba ruhusa kwa wakubwa wake. Hadubini ilitoka kwenye zahanati. Mwalimu akatoka shule ya kulipia ya huko chini, pamoja na koti lake jeupe. Muuza omena alileta vitambaa vyake vyeupe alivyofuma mwenyewe, vyenye bata pembeni, akavitandaza juu ya meza ya saruji. Nilimwambia kwamba maabara haitandikwi vitambaa.

"Umeona maabara ngapi wewe?"

"Moja."

"Basi hii ni ya pili, na ina vitambaa."

Nilipoteremka kwa mzee wa duka kuomba mfereji wa kufunga kwenye lile sinki kwa siku moja, aliuzungusha mkononi huku akinisikiliza. "Maji yako wapi?"

"Hakuna maji. Ni wa kuonekana tu."

"Hao watu wanakuja kutafuta mwenye shida, au nimesikia vibaya?"

"Ndivyo."

"Mficha uchi hazai," alisema, akanipa mfereji.

Nililipeleka neno lile kwa mwalimu mkuu. Alinisikiliza, kichwa amekiinamisha. Akasema, "Fundi, hawa wazazi walibeba mawe ya kile chumba kwa vichwa vyao. Siwezi kuwaambia wasimame ndani yake uchi." Nikaenda kuufunga mfereji.

Siku ilipofika wanafunzi walikuwa wamepakwa mafuta hadi magotini. Hadubini ya zahanati ilikaa juu ya kitambaa cha bata, na muuza omena alisimama kando yake akifukuza mikono. "Usiguse, ni ya watu. Wewe, toa mkono, ni ya watu." Binti yake alikuwa amewekwa mstari wa mbele kwa sababu alijibu vizuri. Alikuwa karibu na ile mashine kiasi kwamba angeweza kuipumulia. Hakuigusa.

Maafisa walikuwa wawili, na mkubwa wao alikuwa mama wa makamo, sauti ya taratibu, viatu vimejaa vumbi letu. Alionekana mtu mwema, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliingia, akatazama chupa, taa, mwalimu wa koti jeupe, mfereji unaong'aa, ukuta wangu. Nikaona uso wake ukifunguka.

"Nani alichora hapa?"

Wakanisukuma mbele. Akanipa mkono. Kisha akamgeukia msichana.

"Wewe unapenda sayansi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Hii umeshawahi kuitumia? Umeona nini ndani yake?"

Msichana alimtazama mama yake. Mama alikuwa ameshika ncha ya kitambaa kana kwamba upepo ungekichukua. Jambo hilo halikuwa limepangwa na mtu. Kama msichana angesema hapana, chumba chote kingeporomoka juu ya mama yake, mbele ya wageni.

"Nimeona ngozi ya kitunguu," alisema. "Ina vyumba kama ukuta wa matofali. Kila kimoja na nukta."

Yule mama afisa alifurahi mpaka akapiga makofi peke yake. "Mnaona? Hivi ndivyo tunavyotaka." Akatazama saa. Walikuwa na shule nyingine kabla ya mvua. Mwalimu mkuu akasema chakula kiko tayari, samaki wameiva, wageni hawawezi kuondoka na njaa. Muuza omena alikuwa tayari amekimbilia jikoni. Afisa aliweka mkono kifuani na kuomba radhi. Mwalimu mkuu akawasindikiza hadi kwenye gari, nami nikawafuata nyuma, nikamsikia akikohoa.

"Kuna jambo dogo, mama."

"Niambie, mwalimu."

Nyuma yetu wazazi walikuwa wamejipanga wakiimba. Mwalimu mkuu alitazama nyuma, akawaona. "Tunashukuru sana," alisema. "Safari njema."

Gari lilipokuwa likishuka kilima, muuza omena alitoka jikoni na sinia la samaki mikononi, mvuke ukipanda usoni mwake. Alisimama nalo hadi gari lilipopotea.

Vifaa vilienda kwa shule nyingine, ng'ambo ya mpaka wa kaunti, upande wa Homa Bay. Wale hawakuandaa chochote. Tulisikia kwamba siku hiyo mwalimu wao mkuu alikuwa mazishini na wageni walikuta watoto wakifagia darasa lililovuja. Mwalimu wetu mkuu alifunga safari kwenda ofisini kueleza. Alirudi jioni, akakaa kwenye ngazi ya maabara na viatu vimelegezwa. Walikuwa wamemwambia kwa upole kwamba wenzao walijionea kwa macho, na kwamba walimu ni wachache, lazima waanze na walio chini. Alisema hakuwalaumu. Alisema angekuwa yeye angefanya vilevile.

Mimi nimefikiri sana juu ya hili tangu wakati ule. Serikali zina vipaumbele, na mara nyingine vipaumbele hivyo ni vizuri, hiki kilikuwa kizuri. Lakini mtu akija kugawa kidogo alicho nacho, anatafuta aliye uchi kuliko wote. Na watu wetu, ukiwaambia mgeni anakuja, kitu cha kwanza wanachofanya ni kuvaa. Njia hizi mbili hazitakutana. Kama kuna mtu anajua zitakutana wapi, hajawahi kupita njia nilizopita mimi.

Muhula wa mwisho niliendelea kukaa pale, nikipaka shule za huku na huko hadi Ntimaru na kurudi. Siku moja msichana alinijia na kitunguu, akitaka nimwonyeshe. Tulibandua ngozi yake laini, tukaiweka juu ya kipande cha kioo, tukaidondoshea tone la maji kwa sababu alikuwa amesikia tone hukuza. Tukainua kwenye jua. Alifumba jicho moja, akafumbua, akafumba lingine. Nami nikatazama. Kilikuwa kitunguu.

"Labda macho yangu," alisema.

"Si macho yako."

"Lakini wewe uliona."

Niliona. Nilitamani siku ile ningekuwa sijaona.

Matokeo yalipotoka, sayansi ndiyo iliyomwangusha. Alipangiwa mkondo wa sanaa na michezo, katika shule ya kutwa ambayo kwao ilikuwa safari ya nusu siku. Mama yake aliisikia habari hiyo mikono ikiwa kwenye karai la omena.

"Michezo? Huyu? Huyu hajui hata kukimbia mbwa." Akacheka kweli, akafuta macho kwa kiwiko. Kisha akasema, "Ni kwa sababu hawakula. Wangekula, mwalimu angewaambia. Mtu hawezi kumwambia mgeni mwenye njaa."

Msichana alienda wiki za mwanzo, kisha akarudi kwenye nyavu. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyegombana naye. Sketi ya sare akaishona iwe begi la kubebea mizani.

Mwaka uliofuata kipaumbele kilikuwa kompyuta. Sisemi kwa kubeza, huenda hicho nacho ni kizuri. Maafisa wangepita tena kuona shule zipi hazina. Mwalimu mkuu aliniita, akaniomba niupake upya ukuta wa maabara na kuchora kompyuta mahali pa hadubini. Hakunitazama aliposema hivyo.

Nilipaka nyeupe asubuhi, tabaka la kwanza, ambalo sisi mafundi tunaliita mkono. Hadubini haikuzama. Ilibaki chini ya rangi kama kitu kilicho majini. Nilikuwa nangoja ikauke nilipoona kivuli mlangoni. Alikuwa msichana yule, beseni la omena kichwani, anapita kwenda sokoni.

"Bado inaonekana," alisema.

"Itapotea na mkono wa pili."

Aliitazama, shingo imenyooka kwa sababu ya beseni.

"Weka na wa tatu," alisema, akaenda.

Niliweka na wa tatu. Kompyuta sikuichora. Nilimwachia mwalimu mkuu rangi iliyobaki, nikamwambia nimepata kazi Busia, jambo ambalo halikuwa kweli, nikafunga godoro langu lenye harufu ya samaki.

Kwenye njia ya kilima nilikutana na wazazi wakipanda. Wanaume wawili walikuwa wamebeba kompyuta kubwa ya kizamani, imefunikwa kitambaa cheupe chenye bata pembeni. Muuza omena alikuwa mbele, akiwaonyesha mawe ya kukwepa. Mwanawe mdogo sasa alikuwa gredi ya tano.

"Fundi! Unaenda wapi na godoro, na wageni wanakuja Ijumaa?"

"Naondoka, mama."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu anayekosa karamu. Kisha mmoja wa wale wanaume akateleza kidogo, naye akageuka haraka na kushika pembe ya kitambaa.

"Basi tupishe njia," alisema. "Isije ikaanguka. Ni ya watu."

Nikaingia kwenye nyasi, nikawapisha.